Biskuti Ambayo Bibi Hakuichovya

Bibi aliipokea kwa mikono miwili, akaisogeza upande wa kushoto wa mdomo ambako bado kuna magego mawili, akabana. Biskuti haikukubali. Akabana tena, safari hii amefumba macho. Kisha akaitoa, akaifuta kwa ncha ya khanga, akaitumbukiza kwenye kikombe cha chai na kusubiri.

"Hii inataka chai, mwanangu," akasema. "Ndaga, asante. Nitaila taratibu."

Hakuwa analalamika. Bibi yangu sijawahi kumsikia akilalamikia chakula alicholetewa. Lakini nusu ya biskuti ilikatikia kikombeni, akaanza kuitafuta kwa kijiko chini ya maziwa, huku vitukuu vyake wakizitafuna zao kando ya moto na kugombania ya mwisho. Ilikuwa Juni, Tukuyu, ukungu haujainuka tangu asubuhi. Nilikaa kwenye kigoda nikimtazama akiinywa biskuti yangu.

Akiinywa.

Neno hilo lilipanda nami kosta siku ile. Tukapita Kiwira, tukapanda Isongole kwenye mashamba ya viazi, tukashuka hadi Uyole, Mbeya, ninakoishi, na bado lilikuwa limekaa kifuani. Wiki mbili baadaye nilikuwa bado nalo.

Jina lililotoka pwani nyingine

Biskuti zile nilizitengeneza kwa kuiga kitu kinachoitwa Nanaimo. Ni kitafunwa cha Kanada, cha tabaka tatu, kinachokatwa vipande vya mraba. Chini kuna chenga za biskuti zilizochanganywa na kakao, nazi, njugu na siagi. Katikati kuna krimu ya siagi, sukari ya unga na unga wa kastadi. Juu kuna chokoleti. Hakiokwi, kinapangwa kwenye trei, kinaachwa kigande kwenye friji, basi.

Nanaimo ni mji wa bandari kwenye kisiwa cha Vancouver. Mapishi ya kitafunwa hiki yalichapwa mwaka 1952 katika kitabu cha kina mama waliokuwa wakiisaidia hospitali ya mji huo, na humo hakikuitwa Nanaimo. Kiliitwa vipande vya chokoleti tu. Jina la mji lilikuja baadaye, na katikati ya miaka ya 1980 mji ukaitisha shindano la kutafuta mapishi bora kuliko yote. Aliyeshinda ni Joyce Hardcastle, na mapishi yake ndiyo yanayofuatwa hadi leo.

Hata jina Nanaimo lenyewe ni matamshi ya wageni. Wenyeji wa pale ni Snuneymuxw, na wageni wakalitamka walivyoweza. Nilipolisoma hilo nilikumbuka kwamba Wajerumani waliita Tukuyu Neu Langenburg. Bahati yetu ni kwamba jina lile halikudumu.

Kilichonivuta mimi hakikuwa historia hii. Ni kopo la kastadi. Lile lile la maduka ya Mwanjelwa, hapa Mbeya, lile ambalo mama yangu hulifungua Krismasi, akalipika na maziwa, akaturushia ndizi na maembe ndani. Bibi anapenda kastadi kuliko nyama ya sikukuu. Nikawaza: nikioka biskuti ya kakao na nazi, nikaiwekea kastadi katikati na chokoleti juu, nitakuwa nimempelekea Krismasi katikati ya Juni.

Nikampelekea jiwe.

"Mpelekee mkate"

Dada yangu, nilipomweleza, hakuona tatizo. "Mpelekee mkate. Mpelekee maandazi, maandazi ni laini."

Ana haki. Na kusema kweli Bibi hana shida ya vyakula laini. Rungwe, wilaya yake, ni nchi ya ndizi. Anapika ndizi mbichi na maziwa hadi zinalainika. Ana maparachichi nyuma ya nyumba, ana viazi, ana maziwa ya mgando. Anashiba.

Lakini niliyoyaona siku ile hayakuwa ya njaa. Watoto watatu walikuwa wanakula kitu kimoja, wanakizungumzia kitu kimoja, wanalinganisha nani kapata chenye nazi nyingi, na yeye amekaa katikati yao na kijiko. Kuna umri ambao mtu anaanza kupikiwa pembeni. Sahani yake inatoka peke yake, imepondwapondwa, na kila mtu anaona ni upendo. Ni upendo kweli. Ila nilijiuliza ni lini mara ya mwisho Bibi alikula kile kile wanachokula wengine, kwa namna ile ile, kwa wakati ule ule.

Nikaamua sitaki biskuti ya wazee. Nataka biskuti moja, ambayo mtoto wa miaka saba ataigombania na Bibi ataitafuna kwa fizi na magego mawili. Laini, lakini itafunike. Isiwe keki wala uji.

Maharage yalikuwa yameshasema

Kwanza nilidhani nilichelewa kuziepua. Nikapunguza dakika. Zikatoka zimetandaa kama chapati, katikati mbichi, na zilipopoa zikawa ngumu vile vile. Hapo ndipo nilichanganyikiwa. Inakuwaje kitu kiwe kibichi na kigumu kwa pamoja?

Nilioka trei nne katika wiki moja. Sina oveni, naoka kwa sufuria kubwa yenye mchanga chini, moto chini na makaa juu ya mfuniko, kama tulivyofundishwa kuoka keki. Nililaumu sufuria, nikalaumu mkaa, nikafikia kulaumu unga.

Jibu nililipata nikisubiri maharage. Binamu yangu anaishi Kyela, kule chini kando ya Ziwa Nyasa, na kila akija kwetu hulalamika kwamba maharage ya Uyole hayaivi. Yanaiva, ila yanachukua muda, kwa sababu Jiji la Mbeya liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Hayo tunayajua tangu shule. Sikuwahi kuyahamishia kwenye biskuti.

Mapishi ya biskuti za kuoka niliyokuwa nikiyafuata yameandikwa na watu wa pwani. Nanaimo iko baharini kabisa. Huku juu, hewa inayotolewa na bekingi soda inatanuka zaidi kwa sababu kinachoikandamiza ni kidogo. Donge linainuka haraka kabla halijashika, halafu linaanguka na kutandaa. Na maji yanakimbia mapema. Yanapokimbia, sukari inabaki imekolea.

Sukari iliyokolea ikipoa inakuwa nini? Kila aliyewahi kupika kashata anajua. Shira ikizidi moto kidogo tu, umekwisha, kashata inavunja meno. Mimi sikuwa nikioka biskuti. Nilikuwa nikipika kashata ya kakao na kuiita biskuti.

Nilisimama pale jikoni na mwiko mkononi, maharage yanachemka, nikaona kazi yote iko kwenye maji. Biskuti inayotafunika ni ile ambayo sukari yake haijakauka. Basi.

Sukari inayotoa jasho

Masika, ukiacha kipande cha sukari guru juu ya meza bila kukifunika, asubuhi unakikuta kimelowa. Mama alikuwa akisema kimetoa jasho. Hakitoi, kinavuta unyevu wa hewani. Kwa miaka yote hiyo niliona ni kero. Sasa nikaona ndicho ninachokitafuta: sukari inayong'ang'ania maji.

Nikaiondoa sukari nyeupe karibu yote. Nikaweka sukari guru gramu 100, nimeitwanga na kuichekecha, na kijiko kimoja cha asali, kwa sababu asali nayo inashika maji hivyo hivyo. Mapishi ya mwanzo yalitaka sukari gramu 150. Kuipunguza kulisaidia biskuti isitandae, na kulinipa amani kidogo pia, maana mtu wa umri wa Bibi simpelekei sukari nyingi nikalala usingizi.

Bekingi soda nikaikata nusu, kutoka nusu kijiko cha chai hadi robo. Yai likabaki moja, nikaongeza kiini cha la pili.

Kisha siagi. Katika nyumba zetu nyingi tukisema siagi tunamaanisha majarini ya kopo, na nilikuwa nimeanza nayo. Safari hii nikanunua siagi ya maziwa kwa mama mmoja anayefuga hapa Uyole, gramu 115. Mapishi yanasema siagi ilainike kwa joto la chumba. Joto la chumba gani? Julai, asubuhi, Mbeya, siagi mezani ni tofali. Nikachoka kuisubiri, nikaiyeyusha kwenye sufuria ndogo, nikaiacha ipoe, nikachanganya.

Nilifanya hivyo kwa haraka zangu tu, na ndicho kilichobadilisha biskuti kuliko kingine chochote. Siagi ya maziwa ina maji ndani yake, kama sehemu 16 kwa 100. Ukiiyeyusha, maji yale yanaufikia unga wa ngano mapema, unga unashikana, na unapata ule mvutano mdogo unapotafuna. Siagi iliyopigwa na sukari hadi ikavimba huelekea zaidi upande wa keki.

Unga wa ngano gramu 150. Kakao gramu 25. Na vijiko vitatu vya chakula vya unga wa kastadi, ndani ya donge lenyewe, sio kwenye krimu peke yake.

Kopo la kastadi

Hapa naomba nikae kidogo.

Unga wa kastadi niliuweka kwenye donge kwa sababu ni wanga wa mahindi, pamoja na ladha ya vanila na rangi. Wanga wa mahindi hauna ule mnato wa ngano, kwa hiyo ukichanganywa unaupunguzia unga ukali wake na biskuti inalainika. Hiyo ndiyo sababu ya jikoni.

Lakini nilipokuwa nikisoma kwa nini kastadi hii haina mayai, nilikutana na habari ya Alfred Bird. Alikuwa mfamasia wa Birmingham, Uingereza. Mke wake alipenda kastadi, na kastadi ya asili hupikwa kwa mayai, na mayai yalimdhuru. Mwaka 1837 Bird akatengeneza kastadi ya wanga wa mahindi isiyo na yai hata moja, ili mke wake aweze kula. Hakuiwazia biashara. Inasimuliwa kwamba siku moja wageni waliandaliwa kastadi hiyo wakaipenda, na ndipo ikaanza kuuzwa. Baadaye akatengeneza na bekingi pauda, kwa sababu mke wake hakuweza kula hamira pia.

Nililisoma usiku, umeme umekatika, simu imebaki asilimia 11. Nikaisoma tena.

Kopo lile limepita Uingereza, likaingia kwenye krimu ya kina mama wa Nanaimo, likafika Mwanjelwa, na mwanzo wake ni mtu mmoja aliyemwangalia mwenzake mezani akaona hawezi kula wanachokula wengine. Mpaka usiku ule sikuwa nimemwambia mtu kwa nini naendelea kuchoma mkaa kwa ajili ya biskuti. Nilikuwa naona haya kidogo. Baada ya hapo sikuona haya tena.

Donge linalolala

Vitu vingine vilikwenda haraka. Karanga, ambazo nilikuwa nimeziweka nusunusu badala ya njugu za Kanada, nikazitwanga kinuni hadi zikakaribia kuwa siagi. Kipande cha karanga kwenye fizi kinauma. Hilo nilipaswa kulijua siku ya kwanza. Nazi nikaikuna kwa kibao cha mbuzi, nikaipitisha kwenye kikaango bila mafuta mpaka ikaacha kutoa maji, nikaitwanga kidogo nayo.

Donge nikalifunika na kuliacha hadi kesho yake. Kwa watu wa joto hii ni kazi ya friji. Kwetu Julai unaliweka karibu na dirisha. Usiku mzima unga unakunywa maji polepole, na asubuhi donge limekaa sawa, halikwami mkononi.

Kuoka ndiko kulinisumbua mpaka mwisho. Biskuti nyeupe unaitazama rangi. Ikianza kuwa kama udongo pembeni, unaepua. Biskuti ya kakao ni nyeusi tangu mwanzo, haikuambii kitu. Nilichojifunza ni kutazama mng'ao. Ikiingia inang'aa. Pembeni inafifia kwanza. Katikati pakiwa bado panang'aa, upana wa sarafu ya shilingi 200, epua hapo hapo. Utaona kama umeepua mbichi. Iache juu ya trei dakika 10, joto lake lenyewe linamalizia.

Trei ya sita niliivunja moja katikati. Haikukatika. Ilivutika kidogo kwanza, kama chapati ya moto, ndipo ikaachia.

Nilikaa chini.

Krimu ya katikati nilibadilisha njia. Mapishi ya asili yanachanganya unga wa kastadi mbichi kwenye siagi, na ulimini mwangu unabaki ungaunga. Nikaipika kastadi nzito kwa maziwa kama ya Krismasi, ikapoa, nikaipiga pamoja na siagi karibu na jiko ili isigande. Nikapaka juu ya kila biskuti. Kisha chokoleti iliyoyeyushwa juu yake, kwa sababu bila chokoleti ingekuwaje Nanaimo?

Kakao ya kuramba

Nilimpelekea Agosti mwanzoni, kwenye kopo lenye kipande cha mkate ndani. Mkate unatoa unyevu wake, biskuti zinabaki laini njiani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeleta zile?"

Alizikumbuka. Nikaogopa.

Akaishika moja, akainusa. "Kakao," akasema, kisha akaanza kusimulia jinsi walivyokuwa wakiteremka kwa ndugu zao Kyela, wakipasua kakao bichi na kuramba nyama nyeupe inayozunguka mbegu. Mbegu waliambiwa wasizimeze, ni za kuuza. Nikamuuliza kama aliwahi kuonja kilichokuwa kinatengenezwa kwa mbegu zile. Akasema alikunywa kakao ya kopo akiwa tayari na watoto wanne.

Kakao inayolimwa nchini mwetu sehemu kubwa inatoka Kyela, si mbali na kigoda chake. Inavundikwa, inaanikwa, inauzwa kwa stakabadhi ghalani, yaani kwa mnada kupitia maghala, inasafirishwa nje. Kopo nililotumia mimi lilitoka nje pia. Natamani siku moja nioke kwa kakao ya pale pale alipoirambia Bibi. Nimeanza kuuliza uliza.

Akaweka biskuti upande wa kushoto. Akabana.

Akaitoa.

Moyo ulinidondoka. Lakini hakuifuta wala hakukitazama kikombe. Alikuwa anaitazama chokoleti ya juu. Kwa baridi ile ya Tukuyu ilikuwa imeganda kama kigae, na ilimchoma ufizi. Akaibandua taratibu kwa ukucha, kipande kizima kikatoka, akampa kitukuu aliyekuwa karibu. Kitukuu hakuuliza mara mbili.

"Hii ya juu acha," akaniambia. "Ni ya watoto."

Kisha akairudisha mdomoni ile iliyobaki, kakao na nazi chini, kastadi juu, akatafuna. Mashavu yakatembea. Alikula bila kusema neno, kwa muda ambao sikuweza kuupima. Watoto walikuwa wanabishana kama kastadi inatakiwa kulambwa kwanza au kuliwa pamoja na biskuti, na Bibi, mdomo ukiwa bado umejaa, akainua kidole kuwaambia: pamoja.

Tabaka moja nimelipoteza. Njiani nilikuwa nimewaza kama bado nina haki ya kulitumia jina lile, bila njugu zao, bila krimu yao mbichi, imeokwa kitu kisichookwa, na sasa bila chokoleti. Kina mama wa mwaka 1952 waliita vipande vya chokoleti. Watoto wa Tukuyu wameshaanza kuziita "kastadi ya kutafuna", na mimi nimewaachia.

Alikula mbili. Ya tatu aliifunga kwenye pindo la khanga, akasema ni ya jirani yake ambaye hana hata gego moja, ili wapime. Halafu akakitazama kikombe chake cha chai kilichokuwa kimekaa pembeni muda wote, maziwa yameshafanya utando juu.

"Mjukuu wangu," akasema, "chai yangu imepoa. Hebu ipashe."